Namna ya Kuipima Hoja ya Kuongeza Kodi kwa Ajili ya Afya

Hoja ya kuongeza kodi ili kugharamia huduma za afya inapoletwa kwenye mkutano wa kijiji au wa mtaa, wengi wetu huikubali au kuikataa kabla hatujapiga hesabu yoyote. Mwongozo huu ni kwa mwananchi wa Dodoma na mikoa jirani anayetaka kufika mkutanoni akiwa na msimamo anaoweza kuutetea.

Anza na hesabu ya nyumbani, kwa sababu ndiyo inayosahaulika zaidi. Chukua daftari uandike fedha zote ambazo kaya yako imetoa kwa ajili ya matibabu tangu mavuno yaliyopita: ada ya kumwona daktari, vipimo, dawa mlizonunua dukani baada ya kuambiwa kuwa za zahanati zimekwisha, nauli ya kufika mjini, na chakula cha aliyemuuguza mgonjwa. Andika pia hasara isiyoonekana kwenye stakabadhi. Mkulima wa Bahi au Kongwa anayelazimika kuuza magunia ya alizeti wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, ili mzazi wake afanyiwe upasuaji, amelipa zaidi ya kiasi alichokabidhi dirishani, kwa kuwa magunia hayo yangeweza kumpatia fedha nyingi zaidi baadaye. Malipo ya namna hiyo humwangukia mtu siku ambayo hana nafasi ya kusubiri wala kupatana bei, na kwangu mimi hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuiunga mkono kodi, ambayo hulipwa na wengi, kidogo kidogo, wakiwa wazima.

Kisha angalia kodi unayolipa tayari. Bidhaa inayotozwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 18 ukiinunua kwa shilingi 11,800, shilingi 1,800 kati ya hizo ni kodi, hata kama hujawahi kukanyaga ofisi ya mapato.

Hatua inayofuata ni kuuliza ni kodi gani inayopendekezwa, maana kodi hazilingani kwa uzito. Tozo ya miamala ya simu iliyoanza Julai 2021, ambayo sehemu ya mapato yake ilijenga vituo vya afya, ilimgusa hata kijana anayemtumia mama yake kijijini fedha za dawa, na malalamiko yakawa makali kiasi kwamba viwango vilipunguzwa mwaka huo huo. Mchango wa CHF iliyoboreshwa (mfuko wa afya ya jamii), shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, nao ulikuwa sawa kwa mwenye ng'ombe mia na kwa asiye na kuku. Naona ni haki zaidi kuongeza ushuru kwenye vileo, vinywaji baridi na michezo ya kubahatisha, vyanzo ambavyo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imevitaja kwa ajili ya kuwagharamia wasio na uwezo.

Usikubali nyongeza yoyote bila kujua fedha zitafikaje kwenye rafu ya dawa. Mwaka 2001, huko Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Basi linganisha ahadi hiyo na bajeti inayosomwa kila Juni. Zahanati hupokea fedha moja kwa moja kwenye akaunti yake tangu mwaka wa fedha 2017/18, na ina kamati ya usimamizi yenye wajumbe kutoka kwa wananchi. Mwombe mjumbe wenu aeleze ni kiasi gani kimeingia na leja ya dawa inaonyesha nini: ukikuta salio la dawa ya malaria ni sifuri kwa wiki kadhaa, huku fedha zikiwa zimepokelewa, hapo una swali la kumuuliza mwenyekiti mbele ya watu wote.

Mkutano wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Peleka hesabu yako hapo, kisha umkabidhi diwani na mbunge nakala iliyoandikwa mapema, kabla ya Juni, kwa kuwa Muswada wa Sheria ya Fedha ukishapitishwa, viwango vipya kwa kawaida huanza kutumika tarehe 1 Julai.