Kurekodi sauti za wakimbizi bila kuwaponza

Kabla ya kuwasha kinasa sauti ili kurekodi wakimbizi kwa ajili ya onyesho la sauti, uliza kama msimulizi ana ombi la hifadhi au la kuhamishiwa nchi ya tatu ambalo halijaamuliwa. Kama analo, kwanza aongee na mwanasheria wake. Masimulizi ya hadharani yakipishana na aliyoyasema kwenye usaili wa ombi lake, hata kwa tarehe tu, yanaweza kumtia mashakani, na aliyepitia mateso huchanganya tarehe kwa urahisi. Kwa hiyo omba yasiyo na tarehe: wimbo wa kubembelezea mtoto, mdundo wa kinu, jinsi jirani alivyopiga hodi. Masikioni haya hushinda maelezo marefu ya safari.

Ridhaa itolewe kwa lugha yake, na mkalimani asiwe mtu anayemwogopa. Mweleze kwamba kushiriki hakuharakishi ombi lake: kwa kuhamishiwa nchi ya tatu, UNHCR (shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi) hupendekeza, nchi inayopokea ndiyo huamua, na huduma za UNHCR hazilipiwi. Anayedai hela ni tapeli. Rudi kwake baada ya siku chache asikilize ulichohariri, kisha akubali au akatae. Posho iwe sawa kwa wote na itolewe kabla ya kurekodi, la sivyo kila mtu atatafuta kisa cha kusikitisha zaidi.

Chumba kiwe na mapazia, godoro na nguo za kumeza mwangwi. Zima feni na friji. Maikrofoni ikae sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, pembeni kidogo, ili "p" na "b" zisiipulize. Rekodi kwa WAV (faili la sauti lisilobanwa), 48 kHz, biti 24, vilele vya sauti vikiishia karibu na -12 dB. Vaa hedifoni muda wote. Kebo mbovu hutaigundua kwa macho. Mwishoni rekodi sekunde 60 za ukimya wa chumba hichohicho. Utazihitaji kuziba pengo unapokata jina, maana ukimya mtupu wa kompyuta husikika kama shimo.

Kuhusu kuficha utambulisho, watu wengi hupotoka hapa. Kufanya sauti iwe nzito hakumfichi mtu: mabadiliko hayo yanaweza kurudishwa nyuma, na lafudhi hubaki vilevile. Mpe mtu mwingine asome maneno yake. Kagua pia sauti za nyuma, kama tangazo la kituo cha basi au mtoto anayeitwa kwa jina, na ufute taarifa za mahali zilizomo kwenye faili la simu.

Unapochanganya sauti, ya msimulizi iwe katikati na za mazingira ziwe chini yake kwa desibeli 15 hivi. Milio ya risasi ya kubandika usiitie. Huenda aliyeketi mbele ya spika ameikimbia hiyohiyo.

Kwenye onyesho, kila sauti ipewe spika yake ndogo, usawa wa sikio la mtu aliyekaa, mita 2 au zaidi kutoka nyingine. Zikiingiliana, punguza zote badala ya kupandisha moja. Tafsiri iwekwe kwenye karatasi kando ya kiti.

Mlangoni orodhesha mahitaji halisi ya familia zilizofika, bila majina: wa kuwasindikiza hospitali, wa kuandikisha watoto shule, amana ya nyumba. Kila hitaji liwe na nafasi ya mtazamaji anayetaka kusaidia kuandika namba yake ya simu, na mtu mmoja apewe kazi ya kumpigia ndani ya siku 2.