Ngurumo za Novemba Zisikuharakishe Kupanda Mahindi

Kila mwaka joto la Oktoba na Novemba likishika kasi mikoa ya Dodoma na Singida, kosa ni lile lile. Wingu jeusi linajikusanya alasiri, radi zinapiga, mvua inashuka kwa kishindo kama nusu saa hivi, na kesho yake alfajiri kijiji kizima kiko shambani na mbegu. Wiki mbili baadaye mahindi yamekauka yakiwa na majani mawili, na mkulima yuko dukani akinunua mbegu mara ya pili. Kilo 8 za mbegu kwa ekari zimekwenda, mfuko wa mbolea ya kupandia, DAP, umekwenda nazo, na vibarua wameshalipwa. Ushauri huu ni wa kosa hilo tu. Kuandaa shamba na kuchagua mbegu mnakujua, hatutakurudia.

Tuanze na kauli tunayorushiwa kila tunapokataza: "Si ninyi mabwana shamba mliosema tuwahi mvua za kwanza?" Ndiyo, tulisema. Mvua za kwanza za Msimu. Mvua ya radi inayoletwa na joto si mvua ya Msimu, hata kama imejaza makorongo.

Tofauti yake ni hii. Jua la utosi hupita juu ya Dodoma takriban wiki ya pili ya Oktoba. Ardhi wakati huo iko tupu, inachemka, na hewa yenye unyevu ikipanda kwa nguvu mchana hutengeneza wingu la radi ifikapo saa 9 au 10 jioni. Wingu hilo ni la mahali pamoja: kijiji hiki kinapata milimita 30, ng'ambo ya mlima vumbi halijalala. Likishamwaga limekwisha, na nyuma yake panaweza kupita siku 10 hadi 20 za jua kali. Mvua za Msimu zenyewe zinasubiri Ukanda Mvua, yaani ule mkanda wa mawingu ya mvua unaoizunguka dunia karibu na ikweta, ushuke kutoka kaskazini na upepo wa kaskazi ushike. Kanda ya kati kwa kawaida hilo hutokea kati ya mwishoni mwa Novemba na katikati ya Desemba.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo watu wanapopotea. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwa kila mita moja ya mraba, yaani karibu lita 4,000 kwa ekari. Inasikika nyingi. Lakini milimita 20 zikiingia zote kwenye udongo mkavu wa tifutifu zinalowesha sentimita 12 hadi 15 tu. Kwenye kichanga hufika 18 au 20, kwenye mfinyanzi 10 hivi. Na haziingii zote. Mvua ya kishindo kwenye ardhi iliyokakamaa inaweza kupoteza hata nusu yake kwa kutiririka. Kisha jua la Novemba linanyonya milimita 5 hadi 6 kwa siku kutoka kwenye udongo mtupu uliolowa. Mbegu ya mahindi inahitaji kufyonza maji kama asilimia 30 ya uzito wake ili ianze kuota, na kwenye joto hilo huchomoza siku ya 5 au ya 6. Piga hesabu mwenyewe: mche unatokeza juu wakati sentimita 10 za juu zimeshakauka, na mzizi bado haujafika chini kwenye unyevu. Akiba ya chakula iliyo kwenye punje inausogeza hadi majani mawili au matatu. Hapo unakufa.

Mvua ya kishindo ina ubaya mwingine. Matone makubwa yanagandamiza udongo, jua likiwaka kesho yake juu panakuwa na gaga gumu. Fukua pale pasipoota uone: utakuta mche umejikunja, jani limefunguka chini kwa chini, la manjano, limeshindwa kutoboa.

Pima, usikisie

Kipimo cha mvua unaweza kujitengenezea. Tafuta kopo ambalo mdomo na kitako vina upana sawa, kama lile la maziwa ya unga. Ndoo haifai kwa sababu imepanuka juu, itakudanganya. Lifunge kwenye mti uliosimikwa, mdomo wake ukizidi ncha ya mti huo, kimo cha mita moja. Liwe mbali na nyumba au miti kwa umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa vitu hivyo. Soma kila siku saa 3 asubuhi, kisha mwaga. Rula za shule nyingi sifuri yake haianzii kwenye ncha. Saga ncha hiyo au uongeze hizo milimita, la sivyo kila siku utajipunja mvua ambayo imenyesha. Na tafadhali, "imenyesha sana" si kipimo.

Kopo likionyesha jumla ya chini ya milimita 20 kwa siku mbili mfululizo, usihangaike hata kwenda kuangalia shamba. Zikifika 20 au zaidi, subiri saa 24 maji yashuke, kisha chimba sehemu tatu: juu ya mteremko, katikati na chini. Usichimbe kwenye kichuguu wala pale maji yanapotuama. Pima kwa rula kutoka juu hadi mstari ambapo udongo wa giza unaishia na mkavu unaanza. Kwenye kichanga unyevu ufike sentimita 30, tifutifu 25, mfinyanzi wa mbuga 20. Mwenye shamba kubwa atumie kipande cha nondo ya milimita 12: kinapenya kwenye udongo uliolowa na kugoma kikigusa mkavu.

Mtagundua kwamba mvua moja karibu kamwe haifikishi kina hicho. Ndivyo inavyotakiwa. Kwa kawaida inachukua mvua mbili au tatu zenye jumla ya milimita 35 hadi 45, na zikiwa zimekaribiana kiasi hicho maana yake Msimu umeingia.

Kina kikitimia, angalia taarifa ya siku 10 ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA). Isome neno kwa neno. "Mvua na ngurumo katika maeneo machache na vipindi vya jua" maana yake ni kwamba kijiji chako kina uwezekano mkubwa wa kukosa. Usipande kwa kutegemea sentensi hiyo. Ikisema "maeneo mengi", au ikisema wazi kuwa mvua za Msimu zimeanza katika mkoa wako, ingia shambani. Kuna wengine wakisikia TMA imetoa angalizo la mvua kubwa wanakimbilia mbegu. Angalizo ni onyo la hatari, linahusu zaidi ya milimita 50 ndani ya saa 24. Mvua ya namna hiyo inafukua mbegu.

Ikishafika tarehe 5 Desemba, sharti la utabiri liondoe, la kina cha unyevu libaki. Na masharti yakitimia, panda ndani ya siku 3. Hapo ndipo ile kauli ya kuwahi ina maana yake. Anayechelewa wiki mbili baada ya Msimu kuanza, mahindi yake yatachanua katikati ya ukavu wa Februari.

Kina cha mbegu na mbolea

Sentimita 5, udongo wa juu usigandamizwe kwa kisigino. Joto likiwa kali na udongo ni kichanga, nenda 6 au 7. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60, mbegu 2 kila shimo, kisoda kimoja cha DAP kilichosawazishwa kwa kidole (karibu gramu 5) kinamaliza takriban mfuko mmoja wa kilo 50 kwa ekari. Kisoda kilichojaa kilima si kimoja! Mbolea iwe pembeni na chini ya mbegu kwa sentimita 5, katikati pawe na udongo. Udongo ukiwa na unyevu wa kubahatisha, chumvi ya mbolea inaivuta maji mbegu na kuunguza kichipukizi. Hasara nyingi zinazosingiziwa "mbegu feki" ni hizo.

Hizo radi za mwanzo zina kazi yake. Ardhi ikilainika, chimba mashimo ya Chololo ambayo wenzetu wa Dodoma wanayatumia: upana sentimita 22, kina 30, shimo hadi shimo 60, mstari hadi mstari 90. Au fungia matuta kila baada ya mita 1.5 hadi 2 ili maji yasikimbie. Magugu nayo yataota kwa mvua hiyo ya uongo. Yapige jembe yakiwa na siku 7 hadi 10, umeokoa palizi moja.

Mtama na uwele vina kanuni yake. Hivyo vinaweza kupandwa kwenye udongo mkavu, kina cha sentimita 4 hadi 5, wiki moja hivi kabla ya tarehe ambayo Msimu unatarajiwa kuanza, bila mbolea ya kupandia. Kina hicho kinazuia rasharasha isiamshe mbegu. Msihamishie mtindo huo kwenye mahindi.

Jingine dogo lakini linaua: usifanye kazi shambani wakati ngurumo zinasikika, wala kujificha chini ya mbuyu au mwembe ulio peke yake. Weka jembe chini, ingia ndani, subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Kama umeshapanda

Usirudie kupanda kwa hasira. Fukua mashimo 20 ya mistari tofauti. Punje ngumu, isiyovimba, iliyo kwenye udongo mkavu bado iko hai, iache. Punje iliyovimba na kutoa kamzizi ka sentimita moja kalikonyauka na kuwa ka kahawia, hiyo imekufa, haitafufuka mvua ikirudi. Kwa miche iliyokwisha chomoza, hesabu mita 10 za mstari: panatakiwa miche 33 hivi. Ikibaki 25 au zaidi, acha shamba lilivyo. Ikiwa 17 hadi 24, jazia mapengo ndani ya siku 7 tangu kuchomoza, na kwa mbegu ile ile, kwani mche uliochelewa zaidi ya hapo utafunikwa na wenzake na hautabeba. Chini ya 17, lima upya na usubiri masharti yale yale ya unyevu. Usiweke DAP nyingine kwenye mashimo ambayo mbolea yake bado ipo, panda sentimita 5 pembeni yake.

Shamba lililopandwa kwa wakati linachomoza lote ndani ya siku 2 na majani hayajisokoti asubuhi.

Ukijikuta unarudia baada ya tarehe 10 Januari, achana na mahindi. Panda alizeti, kunde au mtama wa muda mfupi.