Namna ya Kutembelea Fukwe za San Francisco

Anayekwenda San Francisco mwezi wa Julai akitarajia jua kali hukutana na ukungu na upepo wa Bahari ya Pasifiki. Kwa hiyo, ikiwezekana, panga safari yako Septemba au Oktoba, miezi ambayo kwa kawaida ndiyo yenye joto zaidi jijini humo, na hata hivyo usiache kubeba sweta na koti la kuzuia upepo.

Ocean Beach hufikika kwa urahisi kwa tramu ya N Judah kutoka katikati ya mji, na inafaa sana kwa matembezi marefu na kutazama machweo. Usiogelee hapo, wala usiwaache watoto wacheze majini, kwa kuwa mikondo yake huvuta watu kuelekea kilindini na imekwisha kuua hata waogeleaji hodari. Maji yenyewe, ya nyuzi joto 10 hadi 15 hivi za Selsiasi, hulegeza viungo upesi. Wenye familia ningewashauri waende Crissy Field, ndani ya ghuba, ambako mawimbi ni madogo na daraja la Golden Gate huonekana vizuri. Anayetaka kuogelea kwa kweli avuke daraja hilo hadi Stinson Beach, ambako waokoaji huwa zamu wakati wa kiangazi, na aondoke asubuhi na mapema kabla maegesho hayajajaa.