Kudunda siyo kukomaa: jinsi ya kulea seli za misuli ya moyo maabarani

Ninaandika haya nikiwa nyumbani Ngamiani, Tanga, kwa ajili ya wadogo zangu wa maabara wanaoniuliza kila mara: "Dada, seli zangu zinadunda tangu juzi, nianze kujaribia dawa?" Subiri. Seli inayodunda siku ya 9 bado ni kichanga. Ina umbo la duara, inategemea sukari, na umeme wake ikipumzika uko karibu na milivolti -60, ilhali ya mtu mzima hufika kama -85. Ukijaribia dawa hapo, umeipima kwenye moyo wa mimba.

Hatua ya 1: Panda. Tunatumia seli za ngozi au damu zilizorudishwa kuwa seli shina, yaani seli zinazoweza kugeuzwa kuwa aina nyingine, njia aliyoionyesha mwanasayansi wa Japani Shinya Yamanaka kwa panya mwaka 2006 na kwa binadamu mwaka 2007. Zipande kwenye sahani iliyopakwa Matrigel, jeli ya protini inayozishika seli, uziache zienee karibu sahani yote. Zikiwa chache zitakufa njiani.

Hatua ya 2: Geuza. Siku ya 0 weka kemikali ya CHIR99021, mikromola 6 hadi 8, ndani ya RPMI 1640, maji ya kulishia seli, yenye kirutubisho cha B27 kisicho na insulini. Itoe baada ya saa 24. Siku ya 3 weka kemikali nyingine, IWP2, mikromola 5, uitoe siku ya 5. Ya kwanza inawasha njia ya Wnt, mfumo wa ishara ndani ya seli, ya pili inaizima, na kupishana huko ndiko kunakozielekeza seli kwenye moyo. Insulini irudi siku ya 7. Kila ukoo wa seli, yaani seli zilizotokana na chanzo kimoja, una kipimo chake cha CHIR: mimi nilipoteza mwezi mzima kwa kunakili kipimo cha ukoo mwingine. Jaribu vipimo vinne kwenye visima vidogo vya sahani kwanza.

Hatua ya 3: Chuja. Zikishaanza kudunda, ondoa glukosi, yaani sukari, kabisa, weka laktati (chumvi ya asidi ya laktiki) milimola 4 kwa siku nne au tano. Seli za moyo zinaweza kuishi kwa laktati, nyingine nyingi haziwezi.

Hatua ya 4: Komaza. Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa, na hapa ndipo penye kazi yenyewe.

Anza na chakula. Moyo wa mtu mzima hupata sehemu kubwa ya nguvu zake kwenye mafuta. Punguza glukosi, ongeza asidi ya palmitiki na ya oleiki. Mafuta hayayeyuki majini, kwa hiyo yabebeshe albumini, protini ya damu, kwanza, wala usitumie palmitiki peke yake, maana ikizidi inaua seli. Oleiki huizuia isidhuru. Ongeza homoni ya tezi T3, nanomola 100, na deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, mikromola 1, kwa wiki mbili.

Kisha zipange. Aliyewahi kuona singa za mkonge zimeanikwa shambani anajua nyuzi zinavyolala upande mmoja. Misuli ya moyo nayo iko hivyo, na seli iliyotupwa ovyo kwenye plastiki hujivuta kila upande bila nguvu. Tumia sehemu yenye mifereji myembamba, na iwe laini, kilopaskali 10 hivi, kwa sababu plastiki ni ngumu kupita kiasi.

Mwisho zifanyishe kazi. Tishu changa ipewe msisimko wa umeme mara 2 kwa sekunde, uongeze kidogo kila siku hadi ifike mara 6 baada ya wiki mbili, kisha uirudishe 2 kwa wiki moja. Usiruke daraja. Umeme wa gridi ukikatika usiku mashine nayo inazima na ngazi yako inavunjika, hivyo ifunge kwenye betri tangu siku ya kwanza.

Hatua ya 5: Hakiki. Pima urefu wa sarkomea, kipande kidogo kinachojikaza ndani ya seli ya msuli: changa ni kama mikromita 1.6, iliyokomaa hukaribia 2.2. Angalia kama troponini I, protini ya misuli, ya utotoni imeanza kuipisha ya moyo wa mtu mzima. Halafu weka isoprenalini, dawa inayofanya kazi kama adrenalini. Seli changa huongeza kasi tu. Zilizokomaa hukaza kwa nguvu zaidi, na hadubini inakuonyesha wazi. Nikishaona hivyo ndipo ninapofungua kichupa cha dawa ya majaribio.