Programu isiyo na haja na namba zako, inyime

Nauza samaki Kibuye, Kisumu. Mwaka jana nilipakua programu ya mkopo, nikakubali kila ilichoomba. Nilipochelewa siku mbili kulipa, wenyewe wakampigia hadi mama mkwe. Aibu ile bado inaniuma.

Basi fungua Mipangilio, uende kwenye ruhusa za programu, uguse “Anwani”. Programu ya tochi inataka namba za watu za nini? Inyime. Kisha “Mahali”, vivyo hivyo.

Lakini hata ukizima Mahali, minara ya mtandao bado hujua simu iko upande gani. Mchana siwezi kujitoa kwenye mtandao huo, wateja hulipa kwa M-Pesa. Jioni nikifika Dunga naweka hali ya ndegeni, nakaa na watoto ufuoni mpaka giza liingie.