Kontroli boksi la kununua kando: pikipiki inapiga stata ila haiwaki

Wengi wanaoniletea pikipiki hapa Isevya, Tabora, huja na jibu mkononi: "Fundi, kontroli boksi limekufa." Mara nyingi boksi ni zima. Hizi ECU, yaani kompyuta za injini zinazoamuru moto na mafuta, za kununua kando, iwe MicroSquirt, Speeduino au nyingine yoyote, hazitoi moto wala mafuta mpaka zione krenki inazunguka. Kwa hiyo kabla hujagusa meza za mafuta (jedwali za namba zinazoliambia boksi limwage kiasi gani) kwenye laptopu, na kabla hujaagiza boksi jingine ukakaa kulisubiri lifike Tabora, tafuta jibu la swali moja: boksi linaona RPM, yaani mizunguko ya injini kwa dakika, au halioni?

Chomeka laptopu, fungua TunerStudio au programu ya boksi lako, kodolea macho sehemu ya RPM, mwenzako apige stata sekunde nne au tano. Injini inayozungushwa na stata huonyesha mizunguko mamia tu, tuseme 200 hadi 500. Utakachokiona hapo ndicho kitakachokuongoza.

Mawasiliano ya laptopu na boksi yakikatika kila stata inapobonyezwa, shida ni umeme. Betri iliyotulia na iliyojaa isome kama volti 12.6, na wakati wa stata isishuke chini ya 10. Betri ikiwa nzuri na boksi bado linazima, fuata waya unaolilisha. Hapa pametesa mafundi wengi. Pikipiki nyingi huzima taa kubwa pale unapobonyeza stata, ili nguvu yote iende kwenye mota. Aliyeunga boksi kwenye waya wa taa hiyo amelinyima umeme sekunde ile ile linapouhitaji. Dalili yake haifichiki: ukibonyeza haiwaki, ukiachia kidole inajaribu kushika. Mteja akikuambia "inataka kuwaka nikiachia", usifungue kitu kingine chochote. Lipe boksi rilei yake, fyuzi yake na waya mnene kutoka betri moja kwa moja, swichi ya funguo ibaki na kazi ya kuamsha rilei tu.

Ethi nayo ipimwe, isitazamwe kwa macho. Mita kwenye volti, ncha nyeusi kwenye hasi ya betri, nyekundu kwenye ethi ya boksi, piga stata. Ikizidi 0.2, ethi haifai. Pikipiki zinazobeba asali kutoka porini Sikonge hutikisika mno, na bolti ya ethi iliyofungwa kwenye fremu yenye rangi hulegea bila mtu kujua. Peleka waya mpaka hasi ya betri.

Sasa, umeme upo lakini RPM ni sifuri. Nenda kwenye sensa ya krenki, ile inayokaa pembeni ya magneti. Ya waya mbili nyingi husoma kati ya ohmu 100 na 500. Weka mita kwenye volti za AC, piga stata: itoe walau nusu volti. Isipotoa, angalia nafasi kati ya sensa na jino la magneti, milimita 0.5 hadi 1 inatosha. Ikitoa na boksi halioni kitu, rudi kwenye programu: umechagua sensa ya waya mbili au ya Hall, ile inayolishwa umeme, yenye waya tatu? Meno mangapi? Meno hesabu mwenyewe kwa kidole, pamoja na pengo la jino lililoachwa. Namba aliyokutumia muuzaji huenda ni ya magneti nyingine kabisa.

RPM ikirukaruka hadi maelfu wakati stata inaizungusha injini taratibu, boksi linasikia kelele za umeme. Kwanza geuza zile waya mbili za sensa, kisha ujaribu tena. Halafu angalia plagi: kwenye NGK, herufi R iliyo ndani ya CR8E ina maana plagi ina ukinzani wa kuzuia kelele. C8E haina, na watu wanaifunga kwa sababu ndiyo iliyokuwepo dukani. Waya wa sensa usilazwe pamoja na waya wa plagi, na ngao yake (wavu wa chuma unaoufunika) ifungwe ethi upande wa boksi pekee.

RPM ikitulia lakini moto hakuna, weka mkono kwenye koili kabla ya yote. Funguo imewashwa, injini imesimama, koili inachemka? Zima haraka. Mpangilio wa kutoa moto umewekwa kinyume kwenye programu, na koili inapitishiwa umeme muda wote. Pia koili za pikipiki zenye CDI, mfumo wa moto unaotumia kapasita, zina ukinzani mdogo, mara nyingi chini ya ohmu moja. Boksi lililotengenezwa kwa koili za kawaida likifungiwa koili ya CDI linaungua kweli, na hapo ndipo ule usemi wa mteja unapokuwa sahihi.

Mafuta yana mambo machache. Ukiwasha funguo usikie pampu ikinguruma sekunde mbili tatu. Kunguruma peke yake si ushahidi: ukigeuza waya zake, pampu huzunguka kinyume na presha haipandi. Funga geji, pikipiki nyingi zinataka karibu baa 3. Nozeli, ile inayopuliza mafuta, isome ohmu 10 hadi 16. Na petroli ya chupa za kando ya barabara, imwage kwenye glasi kwanza uone kama kuna maji chini.

Plagi ikitoka imelowa na inanuka petroli, tazama joto la injini kwenye laptopu. Sensa iliyochomoka huonyesha nyuzi 40 chini ya sifuri, baridi ambayo Tabora haijawahi kuiona, na boksi kwa kuamini linamwaga mafuta. Kisha tazama sensa ya presha ya hewa injini ikiwa imezimwa. Mji wetu uko kama mita 1,200 juu ya bahari, kwa hiyo isome karibu kilopaskali 88. Kigoma, kule ziwani, ni karibu 92. Ukiona 101 hapa Tabora, sensa haijasawazishwa na kila hesabu ya mafuta itakuwa na uongo.

Ikipiga teke kurudi nyuma au ikalipuka kwenye mkono wa hewa, usilazimishe, klachi ya stata itavunjika. Funga taimingi kwenye nyuzi 10 katika programu, chomoa nozeli, piga stata huku unamulika magneti kwa taa ya taimingi. Alama zisipokutana, rekebisha pembe ya jino la kwanza kwenye programu mpaka zikutane, ndipo urudishe nozeli.

Ikiwaka, usimkabidhi mwenyewe jioni ile ile. Ilaze. Asubuhi, hasa hizi za Juni na Julai, iwashe ikiwa baridi kabisa, maana mafuta ya kuwashia injini baridi yana meza yake. Ikigoma, ongeza asilimia 5 kwenye safu ya joto hilo, si kwenye meza nzima, uhifadhi faili kwa jina jipya, kisha uisubiri ipoe tena.