Malindi kwa miguu: Silversand, kanisa la Wareno, hadi diko la wavuvi

Anzia ufukwe wa Silversand uelekee mjini, si kinyume chake. Ukimalizia dikoni, yaani pwani wavuvi wanaposhushia samaki, unanunua samaki na kuondoka naye akiwa bado mbichi, badala ya kumtembeza juani.

1. Pima maji

Safari nyingi huharibikia hapa. Katikati ya njia kuna ras yenye Nguzo ya Vasco da Gama, mwamba wa matumbawe ulioingia baharini. Maji yakijaa, mawimbi hupiga mwambani na mchanga wa kupita haupo. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, tofauti ya kupwa na kujaa hupita mita 3.

Tumia jedwali la maji la Mombasa. Malindi haiachani nalo sana. Programu za simu siziamini mpaka nione zimetaja kituo cha karibu. Huna jedwali? Hesabu kwa mwezi. Siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Kila siku inayofuata, ongeza kama dakika 50. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu: hayapwi sana, na saa hizo za asubuhi ndipo yamejaa. Siku hizo pita barabarani tu.

Ondoka saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa. Yakianza kurudi, saa ya kwanza hupanda kidogo mno, na hilo ndilo linalowadanganya wageni. Saa ya tatu na ya nne peke yake hupanda nusu ya kimo chote. Ukikuta maji ya vifundoni chini ya ras, usizunguke. Rudi ulikotoka, upande barabarani.

2. Viatu

Raba za kufunga kamba. Ndara huteleza kwenye mwani, na matumbawe hukata. Usikanyage dimbwi usiloona chini yake: wale wadudu wenye miiba mirefu myeusi hukaa humo.

3. Nguzo

Msalaba ulio juu ni wa jiwe la Ureno. Mnara unaoushika ni wa matumbawe. Tiketi ni ya Makumbusho ya Taifa. Itunze, na uulize hapo hapo kama inakuingiza kanisani pia.

4. Kanisa

Ni dogo, paa la makuti, makaburi yamelizunguka. Ukitembea ufukweni utalipita bila kuliona, kwa hiyo panda barabarani mara baada ya ras. Fransisko Xavier, mmisionari Mkatoliki, alipita Malindi mwaka 1542 akielekea Goa, India. Vua kofia, usikalie makaburi.

5. Diko

Msimu wa kaskazi usishangae maji kuwa ya kahawia: ni tope la mto Sabaki linalosukumwa kusini.

Salimia kwanza, "Shikamoo mzee", ndipo uulize bei. Picha ni kwa ruhusa, hasa ya watu wanaoshona nyavu. Usiruke kamba za vyombo zilizolala mchangani. Wimbi moja huzikaza ghafla. Chagua changu au tafi mwenye jicho angavu na matamvua mekundu, umfunue mwenyewe uone. Mpe muuzaji ampare na kumtoa matumbo papo hapo. Ukitaka kula kabisa, tafuta mama karanga, yaani mwanamke anayekaanga samaki na kuuza. Yeye hukaanga wa kwake, kwa hiyo patana mapema kama umekuja na wako.